Mikono ya Baba Pacha

Siku ya kwanza Mama Pacha alidhani ni sukari. Vikombe vilirudi vimejaa, vingine havikuguswa hata ukingo, na wenye navyo walikuwa wameshaondoka, kila mmoja amekumbuka ghafla kwamba ana haraka. Akaonja. Chai ilikuwa chai. Siku ya pili akashuku maziwa, akamgombeza muuza maziwa bure. Siku ya tatu yule mama wa mkaa wa upande wa pili wa barabara, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala njaa, alivuka, akainama kwenye kibanda na kuuliza kwa ile sauti ya watu wanaokuja kutoa pole, "Mwenzangu, hivi vikombe vyako anaviosha nani?"

Jibu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye macho. Vikombe aliviosha mumewe. Kila asubuhi kabla hajaenda kazini, Baba Pacha aliketi kwenye kigoda nyuma ya kibanda, beseni la sabuni kushoto, la kusuuza kulia, akaviosha ndani, nje, chini na kwenye mkono, kisha akavipanga juu ya kitambaa safi vikauke. Mama Pacha alikuwa akijisifu kwa jambo hilo. Waume wa wenzake hata kijiko hawakijui kinaoshwa upande gani.

"Basi ndiyo hivyo," akasema mama wa mkaa. "Watu wanasema mikono hiyohiyo ndiyo inayoosha maiti."

Ukweli ni kwamba Baba Pacha alikuwa muuguzi, wodi ya wanaume, upande wa upasuaji. Lakini mtaa haukujua. Kule walikotoka walimwita Sista mpaka mbwa wakalizoea jina, kwa hiyo walipohamia hapa mume na mke walikubaliana: mtu akiuliza, ajibiwe kwamba yuko hospitali, halafu mwenye kujibu akohoe. Kikohozi kile kilifanya kazi kubwa. Kila mtu alijijazia mwenyewe alichopenda; wengine wakasema ni daktari mdogo, wengine mtunza stoo, na kinyozi alikuwa akiapa kwamba ni mhasibu.

Sasa kikohozi kilikuwa kimejazwa maiti, na hapo hospitali nayo ilikuwa na mkono wake. Wauguzi walikuwa na chumba cha kubadilishia nguo chenye makabati, kioo na sabuni, na mlangoni pameandikwa Wanawake. Metroni, mkuu wa wauguzi, alimwambia Baba Pacha avute subira wakati wanamtafutia pake. Metroni akatafuta, akatafuta, naye Baba Pacha akavuta subira mpaka subira ikamchoka yeye. Mwishowe mzee mmoja mhudumu wa chumba cha maiti alimwonea huruma, akampa msumari ukutani na kigoda kwenye ukumbi wake mdogo wa mbele. Hapo ndipo alipokuwa akivua shati na kuvaa sare nyeupe asubuhi, na jioni kinyume chake, akiingia na kutoka kwa geti la nyuma. Palikuwa kimya, na wenyeji wa ndani hawakuwa na maneno.

*

Mama Pacha alimsubiri jioni akiwa amekaa juu ya kreti la mikate ambayo haikuuzwa. Alimweleza yote bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. Msimamizi wa lile jengo linalojengwa mwisho wa barabara, ambaye mafundi wake walikunywa chai ya Mama Pacha kila asubuhi kwa birika mbili kubwa, alikuwa amepita mwenyewe. Amesema mafundi wake wanabeba zege, na zege na kichefuchefu havibebeki pamoja. Amempa mpaka Jumatatu. Asipolisafisha jambo hilo, chai itachukuliwa kwingine.

Hakukuwa na haja ya kufafanua. Birika zile mbili ndizo zilizokuwa zikilisha nyumba pale mshahara wa Baba Pacha unapochelewa, nao ulikuwa na tabia ya kuchelewa.

"Kwa hiyo kesho nawaambia," akasema Mama Pacha. "Nawaambia mume wangu ni nesi, basi, yaishe."

Baba Pacha akavua kiatu kimoja, akakitazama. Akasema si vibaya kusubiri kidogo. Maneno ya watu ni kama mvua za msimu, yanapita.

Mkewe alimjua mtu wake. Akambana, akambana tena, mpaka ikatoka. Tangu uvumi uanze, Baba Pacha alikuwa mtu mwingine pale kwa kinyozi. Wanaume walikuwa wakisimama anapoingia. Fundi wa majeneza, mtu asiyempisha hata mchungaji, alikuwa akimwachia benchi zima. Dereva wa lori aliyekuwa akiegesha dude lake mbele ya mlango wao kila siku alikuwa amelihamisha bila kuambiwa. Juzi kinyozi alimnyoa wa kwanza kabla ya waliomtangulia, na hela akakataa. Tangu azaliwe, Baba Pacha hakuwahi kuheshimiwa namna hiyo, na alikuwa bado hajashiba.

"Ngoja nikuelewe," akasema Mama Pacha. "Yaani wewe, Baba Pacha, afadhali waseme unaosha maiti kuliko waseme unaosha wagonjwa?"

Baba Pacha akasema kwa sauti ya chini kwamba maiti, kidogo, ni kazi ya kiume.

Mama Pacha akakaza kanga yake kiunoni. "Sawa. Basi Jumatatu waambie hao maiti wako waje wanywe chai." Akainuka na kreti lake, akaingia ndani. Usiku huo watoto walikula mikate, wakashangilia, maana wao hawakuwa na habari.

*

Mvumishaji alijileta mwenyewe, tena kwa tumbo.

Mtaa mzima ulimwita Bucha kwa sababu ya duka lake la nyama. Alikuwa pandikizi la mtu, aliyesemekana kumwangusha fahali kwa bega, na sauti yake ilitangulia mwili wake kila anapokwenda. Lakini jipu halimwogopi mtu. Lilikuwa limemwotea mahali ambapo mwenyewe hapaoni bila vioo viwili, likapasuliwa, na shimo lililobaki lilitakiwa kusafishwa na kujazwa shashi mbichi, kile kitambaa chepesi cha vidonda, kila baada ya siku mbili mpaka lijifunge lenyewe. Bucha alikataa kabisa kukaa foleni ya chumba cha vidonda pamoja na akina mama wanaonunua maini kwake, akakataa vilevile kushikwa na wauguzi wanawake. Akataka mwanamume. Mwanamume alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo Baba Pacha alikuwa akimpitisha geti la nyuma saa ya chakula, wakati foleni imekwisha, akimzungusha pembeni ya chumba cha maiti mpaka kwenye kitanda cha vidonda.

Siku hiyo Bucha alilala kifudifudi kama kawaida, uso ndani ya mto, na akauambia mto kwamba kuna kitu kinamsumbua rohoni.

Kitu chenyewe kilikuwa hiki. Wiki moja nyuma alikutana uso kwa uso na Fundi wa majeneza pale getini, Fundi akishusha jeneza. Fundi akamwuliza anafanya nini huku. "Sasa ningemwambia nini, Baba Pacha? Kwamba nimekuja kufunuliwa matako?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia nimekuja kukusalimia wewe. Kwamba unafanya kazi mle ndani, kwa maiti."

Kutoa shashi ya zamani kuna utaratibu wake. Unailowesha kwa maji ya chumvi, unasubiri ilegee, ndipo unaivuta polepole. Siku hiyo, Mungu amsamehe, Baba Pacha hakusubiri sana. Bucha akaung'ata mto.

Alipopata pumzi akaahidi maini, kilo nzima kila wiki. Baba Pacha akasema hataki maini, anataka Bucha aende akaseme ukweli kwa sababu mke wake hauzi. Hapo Bucha akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo.

"Wewe unapoteza chai. Mimi nitapoteza nyama. Nani atanunua nyama kwa mtu anayetoka usaha? Halafu siku ile ya kwanza nilikuuliza, ukaniapia kwamba ya hapa yanabaki hapa." Akarudisha uso kwenye mto. "Na usijifanye. Na wewe umefaidi. Kinyozi hakutozi."

Kiapo kilikuwa kweli. Baba Pacha alikuwa amekula kiapo siku ya kuhitimu mbele ya umati, na mbele ya Bucha alikirudia akiwa ameshika koleo la kuvutia shashi. La kufaidi nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkera zaidi. Akajaza shimo, akabandika bandeji, akampiga Bucha kofi dogo la mgongoni kumwonyesha kwamba amemaliza.

*

Jumamosi alikwenda kunyolewa ndevu. Wanaume wakasimama. Kinyozi akamwondoa mtu mwenye povu kidevuni na kumkaribisha Baba Pacha kwenye kiti. Fundi wa majeneza alikuwepo, dereva wa lori alikuwepo, na Bucha alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, kwa kuwa siku hizi hakaagi popote.

Baba Pacha alikaa kama mfalme. Ilikuwa raha kweli, mtu asimdanganye mwenzake. Ila kiti cha kinyozi kina kioo mbele yake, na kioo hakina adabu. Aliona taulo aliyofungwa shingoni haikutoka kwenye zile za ndoano, ilitoka chini ya meza, kuukuu, ya peke yake. Aliona mashine ikifutwa kwa spiriti kabla hata haijamgusa. Kinyozi alipomaliza, haraka kuliko siku yoyote, aliishika taulo ile kwa ncha za vidole viwili, mkono umenyooshwa mbali na mwili, akaiangusha kwenye ndoo nje ya mlango. Baba Pacha alikijua kishiko hicho. Ndivyo yeye mwenyewe anavyoshika shashi iliyotoka kwenye kidonda.

Kisha kinyozi akamwita anayefuata, na dereva wa lori akasema yeye atasubiri kwanza kiti kipoe.

Hawakuwa wakimpisha. Walikuwa wakimharakisha. Baba Pacha aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, aibu mbaya kuliko ya kuitwa Sista, kwa sababu hii alikuwa ameinunua mwenyewe kwa birika mbili za chai za mke wake, akaivaa, akatembea nayo kifua mbele. Akainuka kitini.

"Jamani," akasema. "Mimi si mtu wa mochwari. Mimi ni nesi."

Halafu wakacheka, si kwa ubaya, kwa huruma hasa. Fundi wa majeneza alikuwa wa kwanza kumfariji.

"Ndugu yangu, hakuna haja ya kujishusha namna hiyo. Kazi ni kazi. Kuosha maiti kunahitaji moyo. Lakini unesi? Hapana. Usijifanyie hivyo mbele za watu."

Kinyozi akasema nesi wa kiume ni sawa na jogoo anayetaga, anasikika tu, hajaonekana. Mwingine akauliza kama kofia yake ina ua. Dereva wa lori, ambaye alipenda mambo yenye ushahidi, akataka kujua ni nani kati yao aliyewahi kutibiwa na nesi huyu, ajitokeze, au nesi mwenyewe amtaje.

Baba Pacha aliwatazama mmoja mmoja, akamruka wa mlangoni. "Kumtaja mgonjwa siwezi," akasema.

"Mmeona," akasema Fundi. "Wagonjwa wake wenyewe hawasemi, wala hawatasema mpaka siku ya mwisho."

Hapo kicheko kilishika nyumba. Na aliyecheka kuliko wote alikuwa Bucha, labda kwa hofu, labda kwa kushukuru. Alicheka mpaka tumbo likatikisika, akajikunja, akageuka na kuupiga mwimo wa mlango kwa kiganja. Alipogeuka, Baba Pacha akaona. Nyuma ya ile suruali ya kaki palikuwa na doa la majimaji, dogo bado, linajitanua. Kicheko kilikuwa kimeing'oa bandeji.

Hakuna mwingine aliyekuwa ameona. Ilitosha kuinua kidole. Wala asingevunja kiapo. Kidole si neno, na doa lingejieleza lenyewe. Jumatatu mafundi wangekunywa chai. Baba Pacha alifikiri yote hayo, na hatutamsingizia utakatifu, aliyafikiri kwa uchu.

Kisha miguu yake ikafanya ilichozoea kufanya. Alivuka chumba, akasimama nyuma ya Bucha kwa karibu sana, akamwekea mkono begani. "Bucha, twende dukani kwako. Nataka nyama."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Tembea, usigeuke."

Wakatoka hivyo, Bucha mbele, Baba Pacha nyuma yake kifua kwa mgongo, karibu amkanyage visigino, barabara nzima ikiwatazama. Kinyozi akatoa kichwa nje na kusema, mwangalieni, anampima urefu wa jeneza.

Kwenye chumba cha nyuma cha bucha, Bucha alitaka kuinamia gogo la kukatia nyama. Baba Pacha akamkataza, akamwambia watu wanakula hapo, akamshikisha ukuta. Alikuwa na pakiti ya shashi mfukoni, ile ya kesho yake, maana Jumapili chumba cha vidonda hufungwa. Alifanya kazi yake, na safari hii alisubiri shashi ilegee.

"Kwa nini hukusema?" Bucha akauuliza ukuta.

"Jipu si langu," akasema Baba Pacha.

Bucha alivaa suruali nyingine. Hakuahidi kitu, hakushukuru. Baba Pacha aliondoka bila nyama.

*

Mama Pacha alipoambiwa, alichouliza kwanza ni nani walikuwepo. Mumewe akawataja. Akauliza kama alisema nesi, kwa neno hilohilo, mbele ya Fundi. Akajibiwa ndiyo, na kwamba hawakuamini. Mama Pacha alifikiri, kisha akafungua begi la mumewe, akatoa sare nyeupe, akaifua na kuinyoosha mwenyewe kwa pasi ya mkaa.

"Jumatatu unavalia hapa," akasema. "Wasipoamini masikio, wana macho."

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Baba Pacha aliketi mbele ya kibanda, si nyuma, amevaa nyeupe kuanzia shingoni hadi magotini, beseni kushoto, beseni kulia, akiosha vikombe barabara nzima ikimwona. Alijiona kama kuku aliyenyonyolewa. Watoto wa shule walisimama kumwangalia. Mama wa mkaa alikuja na kapu lake, ndani yake kifurushi cha nyama aliyotoka kununua, akajiweka mahali pazuri pa kuonea.

Msimamizi akaja na mafundi wake kumi na kitu, mikono mifukoni. Alimtazama Baba Pacha juu hadi chini, akamwambia Mama Pacha kwa upole kwamba sare hata wa mochwari wanavaa. Hakuna aliyenyoosha mkono kuchukua kikombe. Mama Pacha alikuwa ameshika birika, na birika ilikuwa nzito, wala hakuiweka chini.

Bucha alivuka barabara akiwa na aproni yake ya damu. Hakumsalimu mtu. Akachukua kikombe ambacho kilikuwa bado kinatiririka maji mkononi mwa Baba Pacha, akakinyoosha kwa Mama Pacha, akamiminiwa. Akanywa chote, chai ikiwa ya moto vile vile, machozi yakamtoka.

"Nina jipu," akasema, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa ile, mtaa mzima ulisikia. "Matakoni. Limepasuliwa. Mnaniona nasimama kila mahali, mnadhani ni adabu? Huyu ndiye anayenisafisha. Mikono hii imenishika mahali ambapo hata mke wangu hajapaona, na mimi si maiti."

Watu wakatafuta pa kuweka macho. Kisha fundi mmoja akapasuka kicheko, na barabara yote ikafuata, mpaka birika ikamtikisika Mama Pacha mkononi. Kilikuwa kicheko cha kumwagika, kisicho na breki. Msimamizi akafuta macho, akachukua kikombe, akasema birika mbili kama kawaida, na waongeze mikate. Mtu akaita Sista, mwingine akaitikia kwa sauti ya kike. Baba Pacha akaendelea kuosha. Jina lilimchoma, ila alikuta linachoma kidogo kuliko alivyokumbuka.

Bucha alikuwa amesharudi dukani kwake. Mama wa mkaa alitoa kile kifurushi kwenye kapu, akakitazama, akakiweka pembeni ya barabara taratibu, kama mtu aliyeokota kisicho chake. Mwanamke mwingine aliyekuwa akielekea kwenye bucha akasita, akageuza njia. Wateja wa asubuhi wakaanza kupita upande wa pili. Bucha alisimama nyuma ya gogo lake, kisu mkononi, hana cha kukata.

Mama Pacha aliona yote. Alimimina chai ya mwisho, akafuta mikono kwenye kanga, akahesabu hela kutoka kwenye kopo.

"Baba Pacha, nenda kanunue nyama. Kilo mbili."

"Nimechelewa kazini. Ngoja nibadilishe basi, nivae shati."

"Nenda hivyo hivyo. Na utembee polepole."

Baba Pacha akavuka barabara, mweupe kama yai, miluzi ikimfuata, na hakuharakisha. Akafika mbele ya gogo, akaweka hela juu yake, akaomba kilo mbili, ya paja, kwa sauti ambayo mama wa mkaa aliisikia. Bucha akamtazama, midomo ikimcheza.

"Umenawa mikono?" Baba Pacha akamwuliza.

"Nimenawa," akasema Bucha, na akakata.